Sekunde Kumi za Daktari Shamimu

Sokoni Tabora siku ya Jumamosi watu husalimiana kwanza, mengine baadaye. Hata anayemfukuza kuku aliyemchoropoka huitikia salamu huku anakimbia. Shamimu hakuwa na desturi hiyo. Alikuwa akikata njia kati ya wauza viazi vitamu na wauza asali, buti za mpira mkononi, gauni lake la kijani limekazwa mkanda kiunoni, ushungi wa rangi ya haradali ukimteleza kisogoni, alipomwona mbuzi. Mwanaume alimwona baadaye.

Mbuzi alikuwa jike, mweupe, mzee, tumbo limejaa. Alifungwa shingoni kwa utepe wa satini, kasimama kwa taabu mbele ya duka la nyuzi na vifungo. Shamimu alipiga magoti vumbini, akamfunua kope, akamnusa pumzi, akampapasa ubavu. Ndipo akainua uso kumtafuta mwenyewe.

"Huyu mbuzi wako?"

"Wangu."

"Ana siku tatu. Nne, akijitahidi."

Mwenye mbuzi alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, kanzu nyeupe imenyooka utadhani imetoka kwenye pasi sasa hivi, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni. Alimtazama mwanamke aliyepiga magoti mbele yake, akatabasamu upande mmoja.

"Wa alaykumu salaam," alisema.

Shamimu alikunja uso. "Sikukusalimu."

"Najua. Nimeitikia tu, isije ikawa umenisalimia moyoni nikakosa thawabu."

Wauza viazi waliangua kicheko. Shamimu alisikia uso ukimwaka moto, akasimama, akajipangusa magoti. "Mimi daktari wa mifugo."

"Afadhali. Nilidhani Izraili kashuka kuulizia mbuzi."

"Sikiliza. Huyu ana mimba na umri umemwenda. Mtoto anamla nguvu zote. Mnyweshe maji ya sukari guru leo, kesho nitakuja kumtundikia dripu. Unakaa wapi?"

"Ng'ambo. Uliza fundi Mabruki, cherehani ya barazani, jirani na kinyozi." Alimpapasa mbuzi kichwani, na utani ukamtoka usoni. "Anaitwa Asali. Alikuwa wa mama. Mama katutoka mwezi wa tatu."

Hapo ndipo mtu yeyote wa Tabora angesema pole. Shamimu alisema, "Kesho saa nne," akaenda zake. Alifika stesheni ndipo akakumbuka ile pole, akabaki nayo mdomoni kama kokwa la tende.

Zahanati ya mifugo aliyofanya kazi ilikuwa ya Daktari Apolinaria, mama wa makamo mwenye sauti ya chini na rozari ndani ya mfuko wa koti la kazi. Jumatatu alimwita Shamimu ofisini, akafunga mlango.

"Bibi mmoja wa Cheyo kanipigia. Anasema ulimwambia ng'ombe wake hana faida tena, achinjwe. Mbele ya wajukuu."

"Ilikuwa kweli, mama."

"Kweli ilikuwa. Mikono yako naiamini kuliko yangu. Ila mnyama haji hapa peke yake, mwanangu. Anakuja na mwenyewe." Akamsogezea karatasi. "Kuna mafunzo, kila Ijumaa asubuhi, wiki sita. Namna ya kuongea na mwenye mnyama. Namna ya kumsikiliza, ya kumpa habari mbaya, ya kumwacha aamue mwenyewe. Utakwenda. La sivyo nikupeleke maabara ukakae na chupa, maana chupa hazina kinyongo."

Shamimu alikwenda, kanuna. Waliokuwamo ukumbini walikuwa maofisa mifugo na matabibu wa wanyama kutoka Nzega, Igunga na vijiji vyake. Mkufunzi aliwapa kila mmoja daftari: waandike mazungumzo matano na wenye wanyama, mtu alisema nini, wewe ulifanya nini, ikawaje. Wiki ya kwanza walijifunza kuketi. Usisimame juu ya kichwa cha mtu, keti macho yenu yalingane. Wiki ya pili walijifunza kuuliza swali moja, kisha kunyamaza na kuhesabu mpaka kumi moyoni, kwa sababu mtu akiachiwa nafasi husema lile lililomleta.

Wa kufanyia mazoezi alikuwa amekwisha kumpata. Asali hakufa siku ya tatu, wala ya nne. Alikunywa sukari guru, akatundikiwa dripu kwenye msumari wa kutundikia kanzu, akaanza kutafuna mabaki ya kitambaa. Shamimu akawa anapita Ng'ambo kila akitoka kazini, kumwangalia mbuzi. Ndivyo alivyosema.

Siku ya kuketi alivuta kigoda kifupi kuliko vyote, akajikuta anaongea na magoti ya fundi.

"Umedondosha kitu?" aliuliza Mabruki.

"Nimeketi macho yalingane."

"Macho yangu yako huku juu, daktari. Lakini asante kwa kuyasalimu magoti."

Siku ya kunyamaza alimuuliza, "Unaonaje hali ya Asali?" kisha akakaza macho kwenye cherehani. Mabruki alijibu kuwa anamwona kachangamka, akasubiri. Kimya. Akasubiri tena.

"Unasali?"

"Hapana."

"Midomo inacheza."

Ikabidi amweleze yote, mafunzo na Ijumaa na kuhesabu. Mabruki aliacha kukanyaga pedali akacheka mpaka kinyozi wa jirani, mashine mkononi, akachungulia. "Basi nifanyie mimi mazoezi," alisema akijifuta macho. "Mimi nimeshakuzoea, sitakushtakia kwa mama Apolinaria."

Wiki ya tatu somo lilikuwa kumrudishia mtu maneno yake ili ajue amesikika. Shangazi Kuluthumu, aliyekaa na Mabruki tangu msiba, aliwaletea chai barazani, nayo ikapoa wakiongea.

"Chai imepoa," alisema Mabruki.

"Kwa hiyo unasema chai imepoa."

"Ndiyo, nasema imepoa."

"Nimekusikia."

"Basi inywe, mpenzi, kabla hujanisikia tena."

Lile neno lilimtoka fundi bila kupimwa. Wote wawili walitazama vikombe. Shangazi Kuluthumu, aliyekuwa mlangoni, alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa na mafua.

Baada ya hapo simu zilianza. Mabruki alikuwa akimpigia baada ya magharibi, Shamimu akiwa bado anapanga dawa kabatini.

"Asali kala?" Shamimu huuliza.

"Kala kola ya shati la mteja. Na wewe umekula?"

"Bado."

"Mbuzi unamhangaikia, tumbo lako hulihangaikii. Nani atakutundikia wewe dripu, laazizi?"

"Unao msumari."

"Ninao. Na kanzu nitaiondoa."

Shamimu alikata simu akajikuta anatabasamu mbele ya kabati la dawa za minyoo. Hakuwahi kupenda mtu anayemcheka. Huyu alimcheka na bado akamngoja amalize sentensi.

Jumatano moja, adhuhuri imepita, Mabruki alipiga simu, na safari hii hakutania. "Njoo. Asali anazaa, na siyo vizuri."

Alimkuta uani, mbuzi kalala kwenye mkeka, Mabruki kapiga magoti na kanzu yake hiyo hiyo nyeupe. Shamimu alifanya kazi kwa nusu saa bila kusema. Alimtoa mtoto, jike, mweupe mwenye sikio moja la kahawia, akamfuta pua mpaka akalia. Kisha akarudisha mkono kwa mama, akapapasa, akajua.

Alinawa. Akaja akaketi chini karibu na Mabruki, macho yakalingana bila yeye kukumbuka somo.

"Mabruki, nina habari mbaya. Asali hatapona. Kizazi kimechanika, anavuja damu ndani. Naweza kumchoma sindano alale asisikie tena maumivu. Nyama yake haitaliwa, ana dawa nyingi. Lakini ni mbuzi wako. Wewe ndiye wa kusema."

Mabruki alimtazama Asali muda mrefu. Akamfungua ule utepe wa satini shingoni. "Mlaze," alisema.

Ilipokwisha, alibaki pale kwenye mkeka. Alilia kwa sauti, mtu mzima, kanzu imejaa damu na vumbi. "Mama sikumlilia," alisema. "Siku tatu za matanga napokea wageni, naazima viti, natafuta mchele. Watu wakasema Mabruki kidume. Chozi lilinikauka, Shamimu, nikadhani mimi sina moyo. Leo namlilia mbuzi."

Shamimu alimpakata mtoto wa mbuzi, akamfunga ule utepe, akakaa ubavuni mwa yule mwanaume mpaka kilio kikamwisha chenyewe. Jua lilihama ukuta. Hakuhesabu.

Jioni ile aliandika mazungumzo ya tano. Aliandika kwa furaha ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza amefanya jambo sawasawa. Jina hakuliandika, maana walikatazwa. Aliandika: fundi cherehani, Ng'ambo, mbuzi wa marehemu mama yake. Aliandika na yale aliyoyasema, neno kwa neno. Na mwisho: sikuhesabu.

Ijumaa mkufunzi alimwomba asome. Akasoma. Ukumbi ulitulia, mkufunzi akavua miwani akaifuta. Safu ya nyuma alikuwapo Sixbert, ofisa mifugo wa Ziba, mwenye suti yake mpya ya harusi ya mdogo wake iliyokuwa ikishonwa Ng'ambo kwa fundi Mabruki. Sixbert si mtu mbaya. Ni mtu wa stori. Kesho yake alikwenda kuchukua suti, akaikuta bado vifungo, akaona heri anyoe kwa kinyozi wa jirani huku anasubiri.

Jumapili Shamimu alikwenda Ng'ambo na chupa ya maziwa ya yule mtoto wa mbuzi. Alikuwa amevaa gauni la zambarau alilolitunza tangu Idi, na alijua kwa nini. Pale kwa kinyozi watu watatu waliacha kuongea alipopita.

Mabruki alikuwa anashona. Hakutoa mguu kwenye pedali.

"Karibu, daktari."

Siku zote alikuwa anasema daktari wangu. Shamimu aliishika chupa kwa mikono miwili. "Kuna nini?"

"Jana kinyozi kaniuliza kama Asali nitamfanyia arobaini. Maana mama, anasema, nilimzika bila chozi." Sindano ilikwenda mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi. "Maneno yale niliyasema uani kwangu. Tulikuwa wawili, na mbuzi. Mbuzi kafa."

"Sikutaja jina lako!"

"Ng'ambo ina mafundi wangapi waliofiwa na mbuzi wa marehemu mama yao wiki hii?"

"Mabruki, wewe mwenyewe ulisema nikufanyie mazoezi."

"Nilisema. Nikakupa chai yangu, nikakupa na magoti yangu uyasalimu. Kilio sikukupa."

Alivuta droo ya cherehani, akatoa daftari lake la vipimo, jalada limelainika kwa mafuta ya mashine. "Humu mna viuno vya nusu ya mtaa huu. Najua nani kanenepa, nani kakonda ghafla na anaficha, bibi harusi gani aliniomba nimwachie nafasi tumboni. Umewahi kusikia nimemsoma mtu?"

Shamimu alitikisa kichwa.

"Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Kutoka hapa mpaka pwani, miezi mitatu, mzigo wa mtu kichwani. Kazi yake ilikuwa moja, ufike umefungwa vilevile ulivyofungwa. Mama alikuwa akinihadithia hilo kila siku. Nami nikakukabidhi wangu."

Shamimu alitafuta la kusema, akakosa, na kwa sababu alilikosa akashika lile alilofundishwa. Akanyamaza. Mabruki alimwona.

"Usinihesabie, Shamimu," alisema taratibu. "Acha maziwa hapo, nenda."

Usiku hakupata usingizi, lakini hayo ni yake. Asubuhi aliandika ujumbe: *Naelewa unavyojisikia, na nathamini kwamba umeniambia ukweli. Nakubali kosa langu.* Jibu lilikuja baada ya saa nzima: *Hiyo ni ya wiki ya ngapi?* Aliposoma alikaa chini kwenye gunia la pumba. Alipiga simu, haikupokelewa. Siku ya nne akaacha kupiga.

Daktari Apolinaria alimkuta stoo, macho mekundu, anahesabu mabomba ya sindano aliyokwisha kuyahesabu.

"Ni yule fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Umemwomba radhi?"

"Kwa hatua zote nne za mafunzo."

"Ah. Ndiyo maana." Mama alivuta ndoo akaigeuza, akaketi juu yake. "Mwanangu, yale ni ya kukufunza kutembea. Ukishajua kutembea hutembei unaitazama miguu. Yule mtu alikuachia kitu chake ukakimwaga. Wewe umemwachia kitu gani chako?"

Shamimu alifikiri siku mbili. Siku ya tatu alifungua sanduku chini ya kitanda.

Alikwenda alasiri, kavaa baibui jeusi tupu, bahasha ya kaki kwapani. Mabruki alikuwa peke yake barazani, mtoto wa mbuzi kalala juu ya vipande vya satini. Shamimu alisema, "Asalaam alaykum," akangoja mpaka akajibiwa.

"Sikuja uniongeleshe," alisema. "Nimekuja kukuachia kitu."

Alitoa kofia ndani ya bahasha. Ilikuwa kofia ya kushonwa kwa mkono, nyeupe iliyoanza kugeuka rangi ya maziwa, uzi umefumuka pembeni.

"Nilikuwa kidato cha nne, bweni. Baba aliugua. Kila nikipiga simu nyumbani naambiwa hajambo, wewe soma. Nikauza karanga shuleni, nikamnunulia kofia hii aivae akipona. Nikapanda treni. Nikashuka Bukene, baba mdogo kanipokea begi, hanitazami usoni. Tulipokunja kona nikaona masufuria ya matanga yanaoshwa. Walimzika juzi yake." Aliigeuza kofia mkononi. "Wote walinificha kwa kunihurumia. Nikaapa mimi sitamzungusha mtu maisha yangu yote. Nitasema, na iwe iwavyo. Ndivyo nilivyokuwa hivi."

Pedali ilikuwa imesimama.

"Kofia hii haijui mtu. Mama hajui. Kila Idi naitoa sandukuni, naitazama, nalia, nairudisha. Daktari mzima nalilia kofia. Sasa unajua wewe." Aliiweka juu ya meza ya kukatia. "Nilikosea, Mabruki. Niliona fahari nilivyokaa na wewe, nikasahau kwamba kilichokuwa pale kilikuwa chako. Na nakupenda, hilo pia silizungushi. Kinyozi yuko hapo jirani. Ukitaka kumwambia, mwambie."

Akaondoka bila kungoja.

Ijumaa ya mwisho kila mtu alisoma mazungumzo yake matano. Shamimu alisoma manne. "La tano silisomi," alisema. "Si langu. Nililisoma nikakosea, na mtu ameumia mtaani kwake. Nawaomba mliolisikia lisitoke tena midomoni mwenu." Sixbert, safu ya nyuma, alitazama viatu vyake. Mkufunzi alikuna kidevu, akasema daftari halijakamilika na cheti kitasubiri awamu ijayo, lakini alimpa mkono kwa muda mrefu kuliko wengine. Daktari Apolinaria aliposikia alisema tu, "Cheti kitasubiri. Bibi wa Cheyo yuko nje na ndama. Kasema anamtaka yule binti mkali."

Shamimu alitoka, akamwamkia bibi shikamoo, akamsogezea kiti, akamuuliza ndama anaitwaje.

Siku zikapita. Kila akipita Ng'ambo kwa kazi masikio yalimsimama. Alingoja neno moja kuhusu Bukene, kuhusu kofia, kuhusu daktari anayelia siku ya Idi. Kinyozi alimpungia mkono, akamuuliza dawa ya viroboto. Wanawake waliokuwa wakisuka ukili walimsalimu na kumsifia ushungi. Hakuna zaidi. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alisikia pia kwamba Sixbert alisafiri kutoka Ziba, akakaa na Mabruki saa nzima, kisha akaingia kwa kinyozi kunyoa nywele ambazo hazikuwa zimeota, akawaambia waliokuwapo kwamba mdomo ule ulikuwa wake na kosa ni lake. Tangu siku hiyo habari ya mbuzi ilikufa. Ya kofia haikuwahi kuzaliwa.

Alhamisi ya wiki ya nne simu iliita.

"Daktari, mbuzi mdogo hali."

"Tangu lini?"

"Tangu daktari wake aache kuja."

"Ana homa? Anaharisha?"

"Njoo umwone mwenyewe."

Alikwenda mbio, buti mkononi, ushungi wa haradali kisogoni. Mtoto wa mbuzi alikuwa juu ya kiti cha wateja anatafuna pazia, mnene, anang'aa.

"Umenidanganya," alisema Shamimu.

"Wa alaykumu salaam."

"Asalaam alaykum. Umenidanganya."

"Nimekuzungusha, kidogo tu. Nisamehe, ni mara ya kwanza na ya mwisho." Mabruki alikuwa amesimama, kanzu yake imepigwa pasi, utepe wa kupimia haupo shingoni. Mikono yake haikujua pa kukaa. "Nilikasirika, Shamimu. Sikuwa nataka msamaha wako, nilikuwa nataka nisikuone. Kisha ukaniachia ile, ukaenda zako hata hukugeuka. Wiki tatu nalala nayo chumba kimoja. Nikaona mtu anayeweza kumwachia mwenzake mzigo namna ile, si mtu wa kumwaga ya watu. Alijikwaa."

Alivuta droo akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe, akakifungua. Kofia ilikuwa imefuliwa, imetiwa wanga, imesimama wima. Pale ulipofumuka uzi palikuwa pameshonwa kwa uzi uliozeeka vilevile. Shamimu alipapasa akilitafuta lile tobo la miaka kumi na mbili, hakulipata.

"Sijaivaa," alisema Mabruki. "Si yangu. Kinyozi kaiona siku moja kauliza ya nani. Nimemwambia ya mteja."

Shamimu alifunika mdomo kwa mkono.

"Shangazi Kuluthumu anataka kwenda Bukene wiki ijayo na wazee wawili, wakaonane na baba yako mdogo na mama. Kanga wameshanunua, mimi ndiye nimewazuia. Nimesema kwanza nimuulize mwenyewe, aamue mwenyewe. Wakikubaliwa, siku ya ndoa niruhusu niingie Bukene nimevaa kofia hii. Mzigo huu ulichelewa njiani, Shamimu. Nitaufikisha."

Kwa kinyozi mashine ilikuwa imezimwa. Mtoto wa mbuzi aliacha pazia, akaanza kutafuna ncha ya ushungi wa Shamimu, naye hakumzuia. Alimtazama tu yule mwanaume aliyesimama mbele yake na kofia mikononi, na baada ya muda akaona midomo yake inacheza.

"Unasali?" aliuliza, machozi yakimtiririka.

"Nahesabu. Nimefika saba." Akapumua. "Nane."

"Ndiyo," alisema Shamimu, kavukavu, kama alivyosema siku ile sokoni, na hakungoja zifike kumi.